Daftari la Tuzo na Wawakilishi: Niliyojifunza Katika Ukatibu wa Klabu ya Riadha Arusha

Klabu yetu ya riadha haina ofisi. Mali yake yote inaingia katika sanduku moja la bati: saa za kupimia muda, filimbi, utepe wa kupimia, namba za kifuani zilizobaki katika mashindano yaliyopita, muhuri, na daftari kubwa la jalada gumu ambalo makatibu walionitangulia waliligawa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya tuzo, yaani vikombe, medali, vyeti na fedha walizopata wanachama wetu, kuanzia mbio za mtaani hadi mashindano ya kimataifa. Sehemu ya pili ni ya wawakilishi, yaani wale waliotoka katika kundi letu linalofanya mazoezi kati ya Ngaramtoni na uwanja wa Sheikh Amri Abeid wakavaa fulana ya taifa na kukimbia nje ya nchi. Kila ukurasa una safu za jina, tarehe, mahali, aina ya mbio, nafasi na muda, na pembeni kabisa iko safu nyembamba iliyoandikwa “Maelezo”.

Safu hiyo ya mwisho niliikuta tupu karibu kurasa zote. Baada ya kulishika daftari kwa miaka mingi, ninaamini kwamba ndiyo yenye thamani kuliko zote, na kwamba klabu inayowaonyesha vijana wake majina na nafasi tu inawapa nusu ya habari, na nusu hiyo inaweza kuwapotosha. Haya ninawaandikia hasa makatibu wa klabu nyingine ndogo za Arusha, Moshi, Karatu na Babati, ambao najua wanahangaika na kazi hiihii bila mtu wa kuwaelekeza.

Kijana anayejiunga na klabu katika ukanda huu anaikuta historia nzito imemtangulia. Filbert Bayi ni mzaliwa wa Karatu, John Stephen Akhwari ametoka Mbulu, na Gidamis Shahanga ametoka Hanang. Mbulu na Hanang zilikuwa wilaya za Mkoa wa Arusha hadi mwaka 2002, ulipoanzishwa Mkoa wa Manyara, na hadi leo ukikaa na wazee wa riadha utasikia wakibishana kama mkimbiaji fulani ahesabiwe wa Arusha au wa Manyara. Mabishano hayo yaliingia hata katika daftari letu, kwa sababu wapo waliotaka tuorodheshe mabingwa wote wa ukanda kana kwamba klabu ndiyo iliyowalea. Tulikubaliana katika mkutano mkuu kwamba sehemu ya wawakilishi iwe ya wanachama peke yao, na tena wale waliokuwa wanachama siku waliyosafiri. Mabingwa wa taifa wakapewa kurasa zao nyuma ya daftari, ili kijana asome na kujifunza bila kudanganywa kuhusu klabu yake ilifanya nini.

Kurasa hizo za nyuma ndizo zilizonionyesha jinsi nafasi inavyoweza kuficha mambo. Chukua habari za Akhwari. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 walianza watu 75 wakamaliza 57, naye alikuwa wa 57. Ukiandika hivyo ukafunga safu, umemwandika mtu wa mwisho. Ukiongeza kwamba jiji la Mexico liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwamba alianguka njiani akaumia goti na bega, kwamba watu 18 waliacha mbio na yeye hakuacha, na kwamba aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kupokea ushindi, hapo umeanza kusema kilichotokea. Hata hivyo bado hujamaliza, na hapa ndipo ninapoona wengi wanaosimulia habari zake wanamwacha njiani. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni kwa muda wa 2:15:05. Mkimbiaji wa namna hiyo hakwenda Mexico kwa bahati wala kwa kuhurumiwa. Vijana wangu wengi walikuwa wanajua goti lililofungwa bendeji, lakini hawakujua kwamba mtu huyo alikuwa miongoni mwa wakimbiaji hodari wa zama zake. Nilipoandika mistari yote miwili, wa Mexico na wa Edinburgh, ukurasa mmoja, ndipo walipoanza kuuliza maswali ya maana: alifanyaje mazoezi, alirudi lini kukimbia, nani alimpeleka tena.

Habari za Bayi nazo zinahitaji safu ndefu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, alishinda mita 1500 za Jumuiya ya Madola kwa rekodi ya dunia ya 3:32.16, akiwa mbele tangu mlio wa bastola hadi utepe. Hilo wanalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye aliivunja rekodi iliyokuwapo ya Jim Ryun wa Marekani, ambayo ilikuwa imedumu tangu 1967. Yaani siku ile mtu alikimbia kwa kasi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuifikia kabla ya hapo, na bado akaandikwa wa pili. Kijana anayelia kwa sababu ya nafasi ya pili ninamfungulia ukurasa huo. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Bayi aliweka rekodi ya dunia ya maili, 3:51.0. Kisha katika mstari wa Olimpiki ya 1976 hakuna kitu, pengo tupu, na kijana asiyesoma maelezo atadhani alishuka kiwango au aliumia. Sababu ni kwamba Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziligomea michezo ya Montreal kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker akachukua dhahabu ya mita 1500 bila Bayi kuwapo. Pengo lile ni sehemu ya uwakilishi wa taifa kama zilivyo medali, kwa maana mwanariadha alitoa kitu ambacho hakingerudi tena. Mwaka 1980 mjini Moscow Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5000. Hadi michezo ya Paris ya 2024 ilipomalizika, hizo mbili ndizo zilizobaki kuwa medali pekee za Olimpiki za nchi yetu.

Jambo hili la maelezo nililiona kwa ukaribu zaidi kwa binti mmoja wa klabu yetu. Alikuwa amechaguliwa katika timu ya vijana ya mbio za nyika iliyokwenda nchi jirani, akarudi akiwa na nafasi ya katikati ya msafara, bila medali, na akaniomba nisimwandike. Alisema ataandikwa siku atakayoshinda. Sikubishana naye sana, lakini nilimtafuta kocha wa timu kwa simu nikamwuliza mbio zilikwendaje, kisha nikaandika. Jumapili moja, baada ya ibada, mama yake alikuja nyumbani akiwa bado na kitenge chake cha kanisani na Biblia mkononi.

“Mwalimu, habari za tangu siku zile?”

“Nzuri, mama. Karibu, keti.”

“Sikai sana. Nimesikia kuna daftari mmemwandika mtoto. Mwenyewe anasema hakuna alichofanya huko. Naomba unisomee.”

Nililitoa sandukuni nikasoma jina, tarehe, mahali na nafasi. Alisikiliza nafasi bila kubadili uso. Kisha nikasoma maelezo: kwamba mvua ilinyesha usiku wote na njia ilikuwa tope tupu; kwamba katika mzunguko wa pili kiatu cha kushoto kilinasa matopeni akakiacha na kuendelea na mguu mmoja peku; kwamba alikuwa mdogo kuliko wote katika timu; na kwamba kati ya wasichana wa Tanzania alimaliza wa pili.

“Na hicho kiatu kimeandikwa?”

“Kimeandikwa, mama.”

“Basi niandikie hayo yote kwenye karatasi, Mwalimu, na muhuri uweke. Nataka nimwonyeshe mjomba wake. Ndiye anayelipa ada, na kila siku anauliza hizo mbio zinaleta nini nyumbani.”

Nilinakili, nikapiga muhuri, akaikunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia. Binti aliendelea na mazoezi na ada iliendelea kulipwa. Sisemi kwamba karatasi peke yake ndiyo iliyofanya hivyo, lakini najua kwamba namba ya nafasi ingekwenda kwa mjomba ikiwa peke yake, isingekuwa na la kumtetea. Tangu hapo, kila mwanachama anayerudi kutoka safari ya timu ya taifa ninakaa naye wiki hiyohiyo, kabla kumbukumbu hazijapoa, na ananieleza njia, hali ya hewa, chakula, usingizi, nani alikuwa mbele na yeye aliachwa wapi. Kocha anasikiliza pia. Mara nyingi mazungumzo hayo ndiyo yanayozaa mpango wa mazoezi wa miezi inayofuata.

Kuhusu safu ya muda nina ya kusema pia, kwa sababu hapo ndipo tuzo nyingi za mitaani zinapojenga matumaini ya uongo. Kijana anashinda mbio za barabarani zinazotangazwa kuwa za kilomita 21, anapewa cheti chenye muda wa ajabu, naye anaamini yuko tayari kwenda Ulaya. Swali la kwanza ninalouliza siku hizi ni njia ilipimwa na nani, na kwa kifaa gani. Njia ya marathoni inayotambuliwa kimataifa hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kihesabio maalumu gurudumuni, na wapimaji huongeza mita moja katika kila mita 1,000, yaani takribani mita 42 kwa kilomita 42.195, ili njia isije ikaonekana fupi ikipimwa tena. Mbio zilizopimwa kwa kipimo cha gari au cha simu haziwezi kulinganishwa na hizo. Zaidi ya hapo, rekodi ya barabarani haikubaliwi iwapo njia inateremka kupita mita moja kwa kila kilomita, au iwapo mwanzo na mwisho vimetengana kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio. Ndiyo maana muda wa marathoni ya Boston kule Marekani, mbio kubwa na za heshima kuliko karibu zote, hauwezi kuwa rekodi ya dunia, kwani njia yake inanyooka upande mmoja na kushuka kwa takribani mita 140.

Kwa upande mwingine, ipo mitaa yetu inayowaonea wakimbiaji. Anayekimbia Kilimanjaro Marathoni pale Moshi anaanzia Ushirika na baadaye anapandishwa kilima cha kuelekea Mweka, na muda atakaoupata pale hauwezi kuwekwa mizani moja na muda wa njia tambarare ya pwani au ya Valencia kule Hispania. Arusha nayo iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo katika daftari ninaandika mwinuko na aina ya njia kando ya muda, ili asije kijana wa nafasi ya nne Moshi akajidharau mbele ya mwenzake aliyeshinda mbio fupi za mteremko.

Hesabu hiyo ina uzito kwa sababu milango ya kufuzu inazidi kuwa myembamba. Kiwango cha kufuzu marathoni ya wanaume kwa Olimpiki ya Rio ya 2016 kilikuwa 2:19:00. Kwa Tokyo kikawa 2:11:30, na kwa Paris 2:08:10. Kwa wanawake kilitoka 2:45:00 kikaja 2:29:30, kisha 2:26:50. Wazee waliowahi kuvaa fulana ya taifa wakati kiwango kilikuwa rahisi kufikiwa wasidharauliwe, na vijana wa leo wasilaumiwe kwa kuwa wachache. Nimeviandika viwango hivyo ndani ya jalada, kila kimoja na mwaka wake.

Majina ni shida ya pekee. Huku kwetu mtoto anaitwa jina la nyumbani, akibatizwa anapata jingine, shuleni mwalimu anaandika anavyosikia, na akifika kwenye mbio anajiandikisha kwa jina la utani au kwa jina la babu. Hata katika orodha za kimataifa tatizo hili limewafuata wakubwa. Mshindi wa medali ya fedha ya marathoni ya dunia ya Helsinki ya 2005 ameandikwa Christopher Isegwe mahali pengine na Christopher Isengwe mahali pengine. Bingwa wa dunia wa nusu marathoni wa mwaka huohuo, aliyeshinda mjini Edmonton, utamkuta akiwa Fabiano Joseph na pia Fabiano Joseph Naasi. (Edmonton ni mji wa baraka kwa Watanzania, maana ndiko Shahanga alikoshinda dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978.) Kwa mtu aliyekwisha kuwa maarufu tofauti ya herufi moja haimzuii kitu. Kwa kijana anayeomba pasipoti kwa mara ya kwanza, jina la cheti cha kuzaliwa likitofautiana na la cheti cha shule, safari inaweza kumpita huku anafuatilia viapo na sahihi. Mmoja wa wanachama wetu alikosa mashindano kwa sababu hiyo, na nafasi yake ikaenda kwa mwingine. Siku hizi mtoto akijiunga na klabu, hata kama ana miaka kumi na miwili, mzazi anatakiwa aje na cheti cha kuzaliwa, na jina lililomo ndilo tunaloandika daftarini, kwenye namba ya kifuani na kwenye vyeti vyetu. Majina mengine yanaruhusiwa katika mazungumzo.

Kuna jambo zito zaidi kuliko yote haya, nalo ni namna mwakilishi anavyopatikana. Nimewahi kushuhudia kijana wetu akikimbia vizuri katika mchujo wa safari moja, kisha akaambiwa kwamba orodha ilikuwa imefungwa kabla ya siku ile. Hakuna aliyemweleza orodha ilifungwa na nani wala kwa kigezo gani. Aliacha riadha, akaenda kuendesha bodaboda, na kila ninapokutana naye stendi ananisalimia vizuri, “Shikamoo Mwalimu,” nami ninamwitikia nikiwa na uchungu, kwa maana mwili wake ulikuwa wa mbio ndefu na miaka yake bora ilikuwa bado mbele. Mambo ya ngazi ya juu hatuna mamlaka nayo. Ndani ya klabu, hata hivyo, tuliamua kwamba tunapotakiwa kupeleka watu katika timu ya mkoa au mchujo wa taifa, karatasi inabandikwa kwanza: tarehe ya mchujo, njia, idadi ya nafasi, wa akiba ni wangapi, na kama mgonjwa mwenye cheti cha daktari atapewa nafasi ya pili au hatapewa. Baada ya mchujo matokeo yote yanabandikwa palepale, ya waliopata na ya waliokosa, na yananakiliwa daftarini. Wazazi wengine walilalamika kwamba kubandika majina ya waliokosa ni kuwaaibisha. Mimi ninaona kinyume chake. Aliyekosa kwa sekunde nne akiona sekunde zake nne ukutani anajua cha kufanya. Asiyeambiwa chochote anabaki na manung’uniko, na manung’uniko hayafanyiwi mazoezi.

Tuzo zetu wenyewe, zile za mwisho wa mwaka, tulizibadilisha pia. Zamani tulinunua vikombe vya plastiki vilivyopakwa rangi ya dhahabu, fedha zote zikaishia hapo, na mshindi akarudi mazoezini na raba zilizotoboka kisigino. Siku hizi tuzo ni raba, fulana, mfuko wa unga au sehemu ya ada, pamoja na cheti ambacho maelezo yake yanatoka daftarini neno kwa neno. Ninakipenda cheti hicho kuliko kombe lolote, kwa sababu mtoto anakisoma.

Tuliongeza pia tuzo ya mtu anayewavuta wenzake katika mazoezi, yule anayeshika mbele kilomita baada ya kilomita ili wengine wapate kasi, naye siku ya mashindano anaweza kuachwa. Nilipoitetea tuzo hiyo katika mkutano niliwasomea habari za Brisbane, mwaka 1982. Katika marathoni ya Jumuiya ya Madola, Juma Ikangaa na Gidamis Shahanga walitoka mbele kwa kasi iliyowaacha wengine wote mbali, wakaongoza sehemu kubwa ya njia. Robert de Castella wa Australia aliwafuata taratibu akampita Ikangaa kilomita za mwisho baada ya kupitana na kurudishana, akashinda kwa 2:09:18 dhidi ya 2:09:30. Shahanga, ambaye katika michezo hiyohiyo alikuwa amekwisha kuchukua dhahabu ya mita 10,000, alimaliza wa sita. Ukitazama nafasi tu utasema wa sita alishindwa. Ukiitazama mbio nzima utaona kwamba isingekuwa kasi aliyoishika pamoja na mwenzake, hakuna ambaye angekimbia muda ule siku ile. Ikangaa mwenyewe aliendelea kuwa wa pili Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1988 aliikosa kwa sekunde moja mbele ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Lakini mwaka 1989 alishinda New York kwa 2:08:01. Baada ya kusoma hayo tuzo ilipita bila mtu kupinga, na anayeipata anapigwa makofi marefu kuliko bingwa.

Kwa wasichana tuzo inahitaji kuangaliwa kwa jicho jingine. Mvulana anaweza kutoka saa kumi na moja alfajiri akakimbia barabara ya Kisongo peke yake. Msichana hawezi, na hata akiweza mama yake hataki, na ana haki. Kwa hiyo sehemu ya fedha za tuzo tumeitoa kwa ajili ya nauli na posho ya mama mmoja mwanachama wa zamani anayewasindikiza kwa baiskeli. Ilinichukua muda kuwashawishi wajumbe wa kamati kwamba hiyo nayo ni tuzo. Magdalena Shauri alipomaliza wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa 2:18:41, katika mbio ambazo Tigst Assefa wa Ethiopia aliweka rekodi ya dunia ya 2:11:53, wasichana wetu waliukata ukurasa wa gazeti wakaubandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Siku hiyo hakuna mjumbe aliyeuliza tena kuhusu baiskeli.

Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia mjini Tokyo, huku kwetu ilikuwa bado usiku. Nilipofika mazoezini nilikuta vijana wameshapata habari kwenye simu na wamelitoa daftari wenyewe, wanataka jina lake liandikwe sehemu ya wawakilishi kwa sababu, walisema, anafanya mazoezi Arusha na tumekutana naye barabarani. Niliwakumbusha uamuzi wa mkutano, nikamwandika katika kurasa za nyuma, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Katika maelezo niliwaandikia njia aliyopita: wa tano Rio 2016, shaba ya dunia London 2017, fedha ya Jumuiya ya Madola Birmingham 2022, wa pili Boston Aprili 2025. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, aliusoma mstari wa Tokyo mara mbili akauliza imekuwaje Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani wote wameandikiwa 2:09:48 na bado mmoja ni bingwa.

Nilimweleza kwamba muda wa barabarani huandikwa kwa sekunde kamili, na kwamba anayetangulia huamuliwa kwa picha ya mstari wa mwisho, ambapo kinachohesabiwa ni kiwiliwili kufika kwenye mstari, kichwa na miguu havihesabiwi. Tofauti ilikuwa sehemu tatu kati ya mia za sekunde moja. Kocha, aliyekuwa anasikiliza akifunga kamba za raba, hakusema kitu wakati ule. Alhamisi yake, baada ya mbio ndefu ya Ngaramtoni, aliwazuia wote wasilale kwenye nyasi, akachora mstari kwa chokaa, akawaweka wawili wawili mita mia kutoka hapo, na akasimama pembeni ya mstari na saa mkononi. Zoezi hilo sasa linafanyika kila wiki, na matokeo yake wanayaandika wenyewe.